Haraka ya Mheshimiwa Barafu

Kabla hajaitwa Mheshimiwa aliitwa Barafu, na jina hilo alipewa na wauza nyama wa soko kuu. Alianza na friza moja kuukuu kibarazani kwake, akigandisha maji kwenye vifuko vya plastiki na kuwapelekea wauza nyama na wauza maziwa kabla jua halijawa kali. Mwenyewe hakuwa na ubaridi wowote. Alikula amesimama, alizungumza na simu mbili kwa pamoja, na akikuta foleni mahali alizunguka kutafuta mlango wa nyuma. Friza ikazaa banda, banda likazaa kiwanda chenye mtambo wa kugandisha kwa gesi ya amonia uliotoa vitalu vya barafu vikubwa kama tofali. Mdogo wake wa kike alishika ofisi. Fundi majokofu mmoja, mtu mpole aliyezoea kuitikia "sawa, mama", alishika spana.

Siasa ilimwingia Barafu kwa hasira. Umeme ulikatika sokoni, nyama ikaoza mezani, naye akaenda ofisi za halmashauri kuuliza. Dirisha la kwanza lilimtuma la pili, la pili likamrudisha la kwanza, na pale akaambiwa mhusika yuko semina. Alirudi sokoni akiwaka, akapanda juu ya kreti tupu la soda, akaanza kufoka.

Muuza nyama wa meza ya mlangoni, pande la mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliacha kukata mbavu.

"Dada Barafu, sisi unatufokea ya nini? Kawafokee huko huko ndani. Gombea!"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kabla soko halijafungwa alikuwa ameshafika ofisi ya chama.

Alizunguka kila mtaa kwa miguu, wapambe wake wakihema nyuma, na ahadi yake ilikuwa moja tu: chumba cha baridi cha soko, chenye mtambo wake na jenereta yake, umeme ukatike usikatike. Muuza nyama alimpigia debe bila spika na akasikika. Kura zilipohesabiwa, mpinzani wake hakungoja hata matokeo ya mwisho, alikwenda zake nyumbani.

Bungeni ndiko alikoanza kuteseka. Viti vilikuwa laini, na ulaini huo ulimchoma kuliko misumari. Goti lake lilichezacheza mpaka mbunge wa jirani, mkongwe aliyekuwa amefumba macho, akamwambia, "Mama, unatetemesha benchi zima. Humu watu hupumzika."

Aliuliza swali kuhusu chumba cha baridi. Akajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Akauliza tena, akajibiwa kuwa mchakato unaendelea. Wizara ikasema ni la halmashauri, halmashauri ikasema inasubiri wizara, na huko kutupiana mpira kukaendelea mpaka mwaka mwingine. Sokoni nako walianza kumtania. "Mheshimiwa, hilo barafu limeyeyukia njiani?" Alicheka nao, lakini akifika nyumbani alikuwa akizunguka sebuleni, anahamisha kiti, anakirudisha.

Asubuhi moja aliingia kiwandani bila hata salamu.

"Ule mtambo wa zamani uliofunikwa turubai nyuma, nautaka. Naupeleka sokoni."

Mdogo wake aliinua uso. "Dada, ule tuliuzima kwa sababu. Mabomba yake yamechoka. Tuwaite wakaguzi kwanza, wakisema ni salama, tutaubeba hata mimi mwenyewe."

"Wakaguzi! Wale wanakuja lini? Nikisubiri watu wa mihuri nitazeeka."

"Basi zeeka, dada. Amonia si maji ya kunywa."

"Kiwanda hiki nilikianzisha mimi," alisema, akajuta kabla hajafunga mdomo, ila hakuyarudisha maneno. Alimgeukia fundi. "Utaufunga kule sokoni?"

Fundi alimtazama mdogo mtu, akamtazama dada mtu. "Tungeupima kwanza, mama."

"Tutaupima ukiwa unafanya kazi."

"Sawa, mama."

Fundi aliufunga, pamoja na jenereta, kwenye ghala tupu la soko likawa chumba cha baridi, na siku ya kuuwasha soko lilijaa vigelegele. Katibu wa chama, aliyekuwa hajui hata soko lina milango mingapi, alikuja na wapiga picha. Alimvisha Barafu kilemba cha ukoka: mbunge wa vitendo, mama wa maendeleo, jembe. Kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, Barafu aliketi akala chakula akakimaliza.

Mtambo ulifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililowadanganya wote. Wiki zilipita, nyama ikakaa safi, hata wauza mboga wakaomba pembe yao. Kisha ikaja Jumamosi ya pilikapilika, bomba likapasuka.

Harufu ilitangulia, kali ya kukata pumzi. Watu walikimbia wakiangusha vikapu, wakijifunika nyuso kwa chochote kilichokuwa mkononi. Muuza nyama alikuwa ndani ya chumba cha baridi akitundika paja la ng'ombe, pamoja na mwanamke muuza maziwa. Alimsukuma yule mama nje kwanza. Yeye alipotoka alikuwa akipapasa ukuta, macho hayafunguki.

Barafu alifika akakuta soko tupu, maziwa yamemwagika mlango mzima. Alikimbilia hospitali. Korido nzima ilikuwa inakohoa. Mke wa muuza nyama alimwona, akasimama katikati ya mlango wa wodi.

"Usiingie," alisema. "Leo usiingie."

Hakuingia.

Mchana, katibu wa chama alimwita ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

"Tumeshalimaliza," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Fundi wako yuko polisi. Alifunga mtambo vibaya. Wewe toa pole, nenda kawaone wagonjwa, upigwe picha, basi."

"Fundi alisema tuupime kwanza."

"Kuna aliyemsikia?"

"Mimi."

"Wewe hukusikia kitu, Mheshimiwa. Jimbo hili tumelipata kwa jasho."

Barafu alikuwa ameshafika mlangoni. Safari hii ile haraka yake ilimfaa, maana angekaa kufikiri pengine angeogopa. Alikwenda polisi, akasimama kaunta.

"Fundi wangu mwachieni. Alitaka kupima, nikamkatalia. Mdogo wangu alitaka wakaguzi, nikamdharau. Andikeni hivyo."

Askari alibaki na kalamu hewani. "Mheshimiwa, una hakika? Maneno haya hayarudi."

"Andika, kaka."

Fundi alitoka akiwa ameshika viatu mkononi. Hakumshukuru wala hakumlaumu. Alisema tu, "Ningekataa, mama. Ningeweza kukataa." Ikamchoma kuliko tusi.

Barafu alijiuzulu ubunge kwa maneno machache. Yule mbunge mkongwe wa kiti cha jirani, kwa mara ya kwanza, alikuwa macho, akamwangalia akitoka. Mahakama ilimtia hatiani, ikampa kifungo cha nje na kumwamuru agharimie matibabu ya majeruhi. Chama kikasimamisha mtu mwingine, na halmashauri, kwa hofu ya magazeti, ikajenga chumba cha baridi kipya kilichokaguliwa. Katibu alikata utepe.

Barafu alidhani angerudi kiwandani. Mdogo wake alimpokea vizuri, akamtengea kiti, lakini hakumpa funguo.

"Dada, nakupenda. Kazi hapa sasa inaenda polepole, na inaenda. Wewe huwezi."

Alikasirika, akaondoka, akarudi kesho yake, akaondoka tena. Mwisho alikubali kusimamia magari ya kusambaza barafu, kazi ya kukimbiakimbia, mradi asiguse mtambo.

Muuza nyama alibaki na jicho moja. Kila siku yake ya kliniki, Barafu ndiye humpeleka. Mke wake siku hizi humjibu salamu, basi. Juzi walikuta benchi zimejaa. Barafu alikaa kidogo, akainuka, akaenda kumuuliza nesi kwa nini daktari hajafika, akarudi, akainuka tena.

"Utagombea tena?" muuza nyama alimuuliza, sauti ile ile ya sokoni, benchi zima likageuka.

"Sijui. Wewe ungenipa kura?"

Muuza nyama alimgeuzia jicho lake zima. "Ningekuuliza maswali mengi kwanza," alisema.

Nesi akaita jina la mtu mwingine.