Askofu Alipogeuka

Kwa vuli tisa Glenys Tapp, tarishi mstaafu wa posta, alivaa kizibao cha kijani cha wanaojitolea na kuwafokea wapiga picha katika bustani ya kulungu: hatua hamsini, usisogee, usiige mlio wa dume. Hilo la kuiga ndilo lililomkera kuliko yote. Wapo watu hukusanya viganja mdomoni wakanguruma ili dume ageukie kamera, na yeye aliwatoa nje ya lango bila kuwabakishia heshima.

Asubuhi ile ya Oktoba ukungu ulikuwa umelala juu ya vichaka vya kangaga, na dume mzee waliyemwita Askofu alikuwa amemaliza kumpasua mpinzani wake. Walipigana robo saa nzima kugombea majike. Pembe ziligongana, zikanasana, na yule kijana akaondoka akichechemea, utumbo ukimning'inia ubavuni. Askofu alisimama kati ya majike yake, damu shingoni, kawapa watu mgongo.

"Mama Posta, mwambie ageuke," Barry Oldroyd, mmoja wa wapiga picha, alisema. "Nimemwacha mke kitandani nije kupiga picha matako ya kulungu?"

"Kaa hapo nilipokuweka na ufunge mdomo," Glenys alimjibu. Alikuwa amemweka mbele kidogo ya mti wa mwaloni.

Meno ya Askofu yalikuwa yamekwisha. Asingevuka majira ya baridi yaliyokuwa yakija. Na kwa vuli zote tisa Glenys hakuwahi kumpata uso kwa uso katika kamera yake mwenyewe, pumzi ikimtoka. Jua likapenya. Roho ilimuuma. Tamaa mbele, mauti nyuma: alijibanza nyuma ya mwaloni, akakusanya viganja, akanguruma.

Askofu akageuka. Glenys akabonyeza. Askofu akaja mbio kuikabili ngurumo, na kati yake na mwaloni alikuwapo Barry.

Pembe ilimwingia pajani ikamwinua. Alianguka, akainuliwa tena, na mfupa ukalia. Kidole cha Glenys, Mungu amsamehe, hakikuacha kubonyeza mpaka Barry alipomwita kwa jina. Ndipo akatoka akipunga kizibao na kupiga kelele, na dume akarudi kwa majike yake.

Mlinzi Fenwick alifika na bunduki, akamfunga Barry paja kwa mkanda. Sheria ya pale kila mtu aliijua: dume anayemvamia mtu bila kuchokozwa hupigwa risasi.

"Kuna aliyemchokoza?"

"Nilisikia ngurumo nyuma yangu," Barry alisema, meno yakigongana. "Dume mwingine, au mjinga fulani."

Fenwick akamgeukia Glenys. "Wewe ulikuwa huko nyuma. Umemwona mtu?"

Neno moja lingetosha kumwokoa Askofu. Aliutazama mkono wake ulioshika kizibao. "Dume tu," alisema. "Kakimbilia kwenye kangaga."

Fenwick hakuipenda kazi ile. Alitema mate kwanza. Risasi ya kwanza ilimvunja Askofu bega, akatambaa kwa magoti kuyafuata majike yake. Ya pili ikamlaza.

Wakisubiri ambulensi, Barry akanyoosha mkono. "Nionyeshe, bibi wee. Nimeilipia kwa mguu."

Glenys akamwonyesha ile ya kwanza. Pumzi, jua, pembe zote mbili. Picha nzuri kama ile haikuwahi kupigwa bustanini. Barry aliisogeza karibu na macho.

"Haniangalii mimi," alisema. "Anakuangalia wewe."

Glenys akafungua mdomo aseme. Fenwick alikuwa ameshaanza kumburuta Askofu kwa pembe.