Ufagio wa Zamu ya Asubuhi

Kiwandani kwetu moto hauonekani. Watu nikiwaambia hivyo hucheka, wanadhani natia chumvi. Lakini hidrojeni ikishika moto mchana, jua likiwa kali, unaweza kusimama hatua mbili kutoka kwenye moto huo usione kitu. Hauna moshi. Na gesi yenyewe haina harufu, si kama ya kupikia ambayo ikivuja nyumba nzima inajua. Ipo mashine ya kuuona moto huo. Tulikuwa nayo moja, ikaharibika, ikapelekwa ng'ambo kutengenezwa. Tukabaki na ufagio.

Ni ufagio wa njiti ndefu, mpini umepakwa rangi nyekundu. Kila asubuhi, kabla zamu haijaanza, mtu mmoja hupita kwenye njia ya mabomba akiwa ameushika mbele yake kwa mikono miwili, anakwenda polepole. Njiti zikiwaka ghafla, anajua moto uko hapo. Anarudi nyuma, anapiga kelele, mitambo inazimwa. Mtu huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada.

Mimi nilikuwa mfagiaji. Shemeji ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, na kwake ndiko nilikokuwa nikiishi, nalala chumba kimoja na watoto wake wawili. Asubuhi tuliongozana, yeye mbele, mdomo wake haupumziki.

"Mimi na wewe kazi moja, shemeji," alikuwa akisema. "Ila wangu haugusi uchafu. Ufagio wa kiungwana huu."

Siku ile walikuwa wanakuja wageni, wale wanaoinunua hidrojeni na kuipeleka kwao. Msimamizi wa usalama, tuliyemwita Bwana Filimbi kwa ile filimbi asiyoivua shingoni, alinijia mbio mapema.

"Binti, pale mlangoni vumbi tupu! Wageni wako njiani."

"Ufagio wangu umekatika kamba, bosi."

"Sasa mimi ndiye fundi wa mafagio? Tafuta mwingine!"

Tangu miti ikatwe kupisha paneli za jua, vumbi letu halina mwisho. Ukifagia kukavu unalihamisha tu. Kila mwanamke wa mtaani kwetu anajua kwamba unalowesha ufagio kwanza. Nyumbani tulikuwa tunachovya ncha tu, kwa sababu kisima chetu kilikauka baada ya kiwanda kuchimba chake, na maji tunayasubiri kwenye lori. Lakini kiwandani maji hayana shida. Ndiyo hayohayo wanayoyapasua kwa umeme kupata hidrojeni. Nikachukua ule mwekundu, nikautumbukiza wote kwenye ndoo mpaka ukawa mzito, nikafagia mlangoni, vumbi likalala vizuri. Nikaurudisha mahali pake.

Nilikuwa napanga viti vya wageni shemeji alipokuja kuuchukua. Nilimwona akiuchukua. Nikasema moyoni, ngoja nimwambie umelowa. Naye akageuka akanitazama.

"Shemeji, leo umetakata. Angalia wageni wasije wakakuposa, nani atabaki kunipikia uji?"

Nikacheka. Nilipomaliza kucheka, nilikuwa nimesahau.

Njiti zilizolowa haziwaki upesi. Aliingia motoni na ufagio mbele kama siku zote, na ufagio haukumwambia kitu.

Ripoti ya Bwana Filimbi ilitoka wiki moja baada ya mazishi. Ilisema ufagio ulikutwa chini, mkavu, mzima, hakuna njiti hata moja iliyoungua. Kwa hiyo, ikasema, marehemu aliuweka kwapani badala ya kuushika mbele. Jua la siku ile lilikuwa limeukausha kabla mtu hajakumbuka kuuokota. Mambo ya hidrojeni bado hayana sheria yake huku kwetu, inatumika ile ya zamani ya viwanda, nayo inasema mfanyakazi akifa kwa kupuuza kanuni za usalama, familia yake haipewi fidia.

Nilinyamaza. Nilijiambia nikisema nitafukuzwa, na mimi ndiye peke yangu niliyebaki na mshahara pale nyumbani. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilimwogopa dada.

Nilianza kumwona shemeji wiki ya pili. Saa sita mchana, jua liko utosini, natoka stoo na ndoo yangu, namkuta amesimama kwenye njia ya mabomba. Amenipa kisogo, ufagio uko mbele, unachuruzika maji. Maji yanadondoka na saruji hailowi. Fundi wa valvu akaja na spana zake, akampita katikati bila kupunguza mwendo.

"Mbona umekodoa macho, dada? Umeona nini?"

"Joto tu."

"Joto halionekani bwana."

"Najua," nikamwambia.

Siku iliyofuata alikuwa palepale. Ila alikuwa amegeuka kidogo, nikaona sikio lake la kulia. Siku nyingine nikaona ukingo wa shavu. Hakuwa anakuja kwangu, alikuwa anageuka tu, taratibu, kama mtu aliyeitwa na anataka kuhakikisha ni nani. Nilianza kuhesabu siku zilizobaki kabla sijayaona macho yake.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Dada hakuwa analia. Alikuwa amekasirika.

"Wewe ulikuwepo," aliniambia akikunja nguo. "Kweli alikuwa mzembe kiasi hicho?"

"Sijui, dada."

"Mwanaume ana watoto wawili, anabeba ufagio kwapani kama gazeti! Alikuwa anakwenda kusoma wapi?"

Alizikusanya nguo za mumewe zote, akazifunga kwenye gunia, akalisukuma uvunguni kwa mguu. Mtoto mkubwa, wa darasa la tatu, alikuwa mlangoni anatazama. Toka siku hiyo hakuna aliyelitaja jina la baba yao ndani ya nyumba ile.

Kisha dada akaitwa kiwandani, na mimi kama ndugu wa kumsindikiza. Chumba cha mikutano, asubuhi, pazia limevutwa. Afisa kazi kutoka serikalini alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mezani palikuwa na ule ufagio, ndani ya mfuko wa plastiki. Bwana Filimbi akasoma ripoti yake, halafu akasogeza karatasi mbele ya dada. Akisaini, amekubali kwamba kosa ni la marehemu, na kiwanda kitampa rambirambi kidogo, yaishe.

Dada akashika kalamu.

"Dada, usisaini," nikasema.

Afisa akainua uso. "Wewe nani?"

"Shemeji wa marehemu, mama. Na mimi ndiye mfagiaji wa hapa."

"Ana uchungu huyo," Bwana Filimbi akasema. "Tumwache apumzike nje."

"Mama, tazama ncha za njiti. Zina tope."

Afisa akauinua mfuko, akautikisa. Vipande vya tope kavu vikadondoka ndani ya plastiki, tukavisikia.

"Ufagio huu unaruhusiwa kufagia?" akauliza.

"Hauruhusiwi. Nilifagia nao mimi, mlango wa wageni. Niliulowesha wote. Haukuungua kwa sababu ulikuwa maji. Hakuuweka kwapani, mama. Aliushika mbele."

"Unajua unachosema, binti?" Bwana Filimbi alikuwa amesimama. "Unaweza kushtakiwa! Nani alikuruhusu kuugusa?"

"Ulisema nitafute mwingine, bosi."

"Na mashine ya kuuona moto iko wapi?" afisa akamuuliza.

"Iko matengenezoni."

"Tangu lini?"

Akaishika filimbi yake. "Miezi mitano."

"Nayo naiandika. Kaa chini."

Dada hakunitazama. Alikuwa anautazama ufagio. "Aliushika mbele?" akauliza.

"Kwa mikono miwili."

Akaweka kalamu chini, akalia, mara ya kwanza tangu tuzike.

Nilifukuzwa kazi siku hiyohiyo, kwa hiyo sijui kama shemeji amemaliza kugeuka. Faili la fidia liko kwa afisa, na safari hii wanaomba karatasi, hawakatai. Pale getini dada alinisimamisha.

"Leo usije kwangu," alisema. "Vyombo vyako nitakuletea. Jumapili ndiyo uje, uwaambie watoto. Kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia neno hata moja."

Nilikwenda Jumapili. Nikakaa kwenye mkeka, nikawaambia yote, ndoo, mlango, viti, na jinsi nilivyocheka. Dada alisimama nyuma yangu muda wote. Mkubwa alilia, akatoka nje. Mdogo, ambaye hajaanza shule, alibaki anafikiri.

"Mama mdogo, maji ya kwenye ufagio yalikuwa ya baridi?"

"Ndiyo."

"Basi mikono yake ilipata baridi kidogo," akasema.