Miche Myeupe ya Muthiga

Ndanu ndiye aliyesema mti ukatwe. Si kwa maneno hayo, la, mtu msomi hasemi hivyo. Alisema kwenye simu, "Shosho, usijali tena, mbegu zimeamka," na wiki hiyo hiyo Mbuthia akaleta watu wa msumeno. Muthiga ukalala chini, na kisiki kikang'olewa ili msingi wa vyumba vya kupangisha upate pa kupita.

Shosho Wangui, bibi kizee mamake Mbuthia, alikuwa amekataa mwaka mzima. Muthiga ule wa Dagoretti ulipandwa na mama mkwe wake, na kila mtoto wa boma lile aliyebanwa na kifua alitafuna gome lake, akalia kwa ukali wake, akapona. Wangui alibandua upande mmoja tu, kisha akapaka kinyesi cha ng'ombe pale alipobandua, mti usife. Mbuthia alipomwambia mithiga imejaa msitu wa Karura, mama akamjibu, "Hiyo ya Karura sijui tabia yake." Mwishowe akakubali kwa sharti moja: kwanza watu wa mbegu kule Loresho wahakikishe kwamba watoto wa mti huu wapo.

Mtu wa mbegu alikuwa Ndanu. Na mbegu za muthiga zina kisirani. Maharagwe unaanika juani, unatia majivu, unasahau. Ya muthiga ukiikausha sana inakufa, na ukiigandisha ikiwa na maji yake, maji yanageuka barafu na kuipasua kwa ndani. Ndanu alizichuma kwenye mti ule, akazikausha kwa kiasi, na ili zidumu akazitumbukiza kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, baridi ambayo friji ya bucha kando yake ni jiko. Miezi ilipopita akatoa chache, akazipanda kwenye trei za mchanga, na mizizi ikachungulia. Alicheza peke yake maabarani bila haya.

Pale kazini wana mazoea yao: mzizi ukitoka, mbegu imehesabiwa kuwa hai, na trei inamwagwa ili nyingine ipate nafasi. Hakuna anayengoja jani. Ndanu alifundishwa hivyo na hakuona ubaya wowote. Akamwaga trei, akapiga simu.

Baada ya mti kukatwa ndipo alipotoa mbegu zote zilizobaki, apate miche ya kumpelekea Wangui. Ziliota vizuri. Kisha majani yakafunguka, meupe pe. Mche wa kwanza alidhani ni ugonjwa. Wa pili pia ulikuwa hivyo, na uliofuata, na trei nzima.

Dakta Nzomo, mkubwa wake, aliinamia ile trei akashusha miwani.

"Ni DNA," alisema. "Mzizi unakula akiba ya mbegu, kama kijana bado anakula kwa mamake. Majani ndiyo yalifaa kuanza kazi, lakini maagizo ya kutengeneza hiyo kijani yamekatika huko kwa baridi. Akiba ikiisha, imeisha."

"Tunaweza kurekebisha?"

"Na nini, Ndanu?"

Hakumkejeli. Aliuliza kwa sababu naye hakujua. Ndanu alijaribu mbolea, akajaribu kivuli, hata maji ya sukari alijaribu, na alijua kabisa anapoteza wakati. Miche ikalala mmoja mmoja mbele ya macho yake. Uliposalia mmoja akaubeba hadi Dagoretti, maana alishindwa kwenda mikono mitupu.

Wangui alikuwa amechimba shimo kando ya lango, akatia mbolea na kulizungushia waya, mbuzi wasifike. Aliutazama mche kwa muda.

"Hii haijashiba jua."

"Shosho, si jua. Tuliigandisha, ikaharibika ndani. Itakufa. Zile zingine zimekufa zote."

"Mbuthia alizaliwa miezi saba. Daktari aliniambia vile unaniambia."

"Hii si kama mtoto, shosho."

"Si wewe uliniambia zimeamka?"

Ndanu alitamani atukanwe, apigiwe kelele mpaka majirani watoke, angalau aondoke akiwa amelipia kitu. Lakini Wangui alikuwa ameshapiga magoti, kwa taabu, mkono mmoja ukishikilia waya.

"Shika hapo juu, isimame wima."

Ndanu akashika lile shina kwa vidole viwili. Lilikuwa tayari linalegea. Wangui akashindilia udongo kuzunguka mzizi, polepole, bila kuinua kichwa.

"Ikae miaka ngapi ndiyo mtu aanze kutoa gome?"

"Kumi, shosho."

"Kumi ni sawa," Wangui alisema, akamwomba amletee maji.