Mashoka Yaliyotazama Mbinguni

"Trekta hilo likitia pua hapa, litanipita mimi kwanza!"

Adalto, katekista wa kigango cha kijiji cha Lagoa do Tatu, aliyasema hayo Jumapili mbele ya altare huku akijipiga kifua. Sauti alijaliwa. Moyo ndio ulikuwa wa kuazima.

Mama mkwe wake, Zulmira, akamtazama kama mtu anayetazama wingu lisilo na mvua. "Sawa, mkwe wangu. Sisi tutakaa nyuma yako."

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Babasu, ule mnazi wa porini wenye kokwa ngumu kama jiwe, ndio uliowalisha wanakijiji: mafuta, tui la kuungia samaki, mkaa wa vifuu. Hakuna aliyeupanda ila Mungu. Sasa Bwana Everaldo, tajiri wa ng'ombe, alikuwa ameununua msitu mzima, akauzungushia waya, akatia kufuli langoni, na kutangaza kwamba Jumanne anaing'oa minazi yote apande nyasi za ng'ombe. Ikianguka minazi, kijiji kimekwisha.

Jumanne asubuhi mngurumo ukasikika. Adalto alikuwa wa kwanza kuusikia, na wa kwanza kukumbuka kwamba ana shughuli kwenye kibanda cha kukaangia unga wa muhogo. Akajibanza nyuma ya tanuri, jicho kwenye ufa wa ukuta mfupi.

Aliwaona wanawake thelathini wameketi chini mbele ya lango, safu moja toka ukingo hadi ukingo wa barabara. Walikuwa wakifanya kazi ya kila siku: mguu umekandamiza mpini wa shoka, makali yametazama mbinguni, kokwa juu ya makali, rungu linashuka. Ta! Ta! Ta! Na wimbo wa Mama Maria juu yake.

Bwana Everaldo akashuka garini na walinzi wawili, mkono ameunyoosha. "Mama Zulmira, nimekuja kwa amani. Si nyinyi ni Wakristo? Wakristo hawafanyi fujo."

"Fujo ipi, bwana mkubwa? Tuko kazini."

"Basi pisheni njia, tupeane mkono yaishe."

"Mtu akukanyage shingo, halafu akubembeleze usipige kelele! Hiyo si amani, ni kunyamazishwa. Amani ya Kristo haina kufuli. Fungua lango, mkono nitakupa." Ta!

Everaldo akaiva kama pilipili. "Dorival! Pita juu yao!"

Dereva akasogeza trekta. Hatua kumi. Tano. Hakuna aliyeinuka. Wimbo haukukatika. Kule kibandani Adalto alichomeka kichwa ndani ya tanuri lililopoa, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza maishani akasali bila kujisikiliza.

Trekta likazimika.

"Mbona umesimama?"

"Siwezi, bwana mkubwa. Mama yangu alikaa hivihivi miaka thelathini, nami nikala." Dorival akaonyesha mashoka kwa kidole. "Halafu tazama hayo makali. Kama akina mama huwaonei huruma, yaonee matairi. Ni yako."

Zulmira ndiye aliyeanza kucheka. Kikaenda safu nzima kicheko kile, kikawafikia hata wale walinzi wawili wa Everaldo, wakageuka kando mabega yakitikisika. Dorival akaruka chini, akaketi kati ya wanawake, akaomba rungu.

Kufika saa sita bwana mkubwa alikuwa peke yake juani. Dereva hataki, walinzi wako kivulini wanatafuna kokwa walizogawiwa. Akatoa ufunguo, akafungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe.

Zulmira akainuka, magoti yakilia, akamshika mkono. "Sasa ndiyo. Amani ya Kristo, mwanangu." Wakaingia wakiimba, vikapu kichwani, na hakuna mnazi ulioanguka siku ile wala mwaka ule.

Jumapili kigango kilijaa hadi nje, na Adalto hakuweza kujizuia. "Ndugu zangu, nikasimama mbele ya trekta, kifua wazi, nikamkazia macho dereva. Nikamwambia, 'Zima!' Akazima!"

Mtu mmoja akasimama benchi la nyuma, kofia mkononi.

"Samahani, kaka katekista," Dorival akasema. "Kule juu ya trekta mtu huona mbali. Si wewe yule uliyekuwa kwenye kibanda cha muhogo, kichwa ndani ya tanuri, makalio nje?"