Moto wa Bwana Ndimu

Bi Chumvi hakuwahi kuonja nyama ya mumewe. Ukimwambia mtu jambo hilo atakucheka, maana walichoma pamoja katika ua mmoja tangu ujana wao mpaka mvi zikawatoka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mke alikuwa na jiko lake upande wa mlango, mume na lake upande wa ukuta, na kila mmoja akimpa mwenzake mgongo.

Mume alikuwa mtu wa bondeni. Kwao nyama hulala usiku kucha kwenye bakuli la ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili ya kukufanya umwite mama yako, kisha huchomwa harakaharaka juu ya makaa makali. Mke alitoka mlimani, ambako ukimtilia mtu ndimu kwenye nyama atakuuliza kama ilikuwa imeoza. Kwao ni pande zima lenye mfupa, maji ya chumvi, makaa yaliyolegea na subira. Ndiyo maana wateja wakawabandika yale majina, Bwana Ndimu na Bi Chumvi, na majina yao ya kuzaliwa yakabaki kwenye vyeti.

Utani ulianza siku zilezile walipofungua ua. Mteja mmoja aliuliza ipi tamu zaidi, kila mmoja akavutia kwake, na mwisho wakawekeana sharti mbele ya watu: atakayeonja ya mwenzake amekubali kushindwa. Watu walivunjika mbavu. Sharti likanoga, likawa ndiyo biashara yenyewe, kwa sababu wateja walikuja kula na walikuja pia kusikiliza.

"Mwacheni huyo na nyama yake ya wagonjwa," Bwana Ndimu angesema.

"Afadhali ya wagonjwa kuliko ya kuficha harufu," mke angejibu bila kugeuka.

Jioni wakifunga, hao nyumbani, wanakula maharage. Wachoma nyama wanaojulikana mtaa mzima, wanakula maharage kama wanafunzi wa bweni, kwa kuwa hakuna aliyetaka kubeba ya kwake ikaonekana anabembeleza. Walipendana, hilo lisiwe na shaka. Walikuwa tu na vichwa vigumu, vyote viwili.

Halafu asubuhi moja Bwana Ndimu akaanguka kando ya gunia la mkaa, na mpaka gari linapatikana alikuwa amekwisha kata roho. Moyo, daktari alisema. Bi Chumvi alikuwa na koleo mkononi hadi hospitalini, na hakukumbuka ni nani aliyempokonya lile koleo.

Msiba ulipokwisha, wifi yake alimshauri auze lile jiko la ukutani, apumzike, abaki na lake. Alijibiwa vibaya mpaka akabeba mkoba wake akaondoka. Bi Chumvi alikuwa amemzika mtu, na hilo lilimtosha. Moto wa mtu huyo hakuwa tayari kuuzika. Akawasha majiko yote mawili, akawa anakimbia huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, akichanganya ndimu na tangawizi kama alivyomwona marehemu akichanganya miaka yote.

Wateja walikuwa waungwana. Walitafuna, wakaitikia kwa vichwa, wakasema pole na hongera. Lakini sahani za upande wa ukuta zilirudi na nyama. Baada ya muda wakaanza kuagiza ya chumvi tu, na wale wa ndimu tupu, wale mashabiki wa kufa wa marehemu, wakapotea mmoja mmoja.

Aliyebaki ni fundi cherehani wa duka la jirani, rafiki wa marehemu, aliyekula upande wa ukuta karibu kila siku ya maisha yake ya utu uzima. Bi Chumvi akamkalia mbele.

"Shemeji, niambie ukweli."

"Ni nzuri."

"Sikuuliza kama ni nzuri."

Fundi akarudisha kipande kwenye sahani. "Siyo yake."

"Imepungukiwa nini?"

"Sijui, shemeji. Mimi ni mtu wa sindano. Yake ilikuwa inakuamsha. Hii nikila nasikia usingizi."

Hapo ndipo Bi Chumvi alipouona ujinga wake wote kwa mkupuo. Alijua tangawizi kiasi gani na pilipili ipi, kwa kuwa bakuli liliandaliwa nyumbani, mbele ya macho yake. Lakini kilichofanyika motoni hakukijua, kwa sababu kilifanyika nyuma ya mgongo wake. Na ladha yenyewe hakuwa nayo kabisa. Angeweza kuonja kazi yake mpaka ulimi uote malengelenge, asiwe na cha kulinganisha nacho. Mjane gani huyo, alijiuliza, ambaye mteja yeyote wa mtaani anajua zaidi yake kuhusu mikono ya mumewe?

"Wewe una ulimi unaomkumbuka," alimwambia Fundi. "Mimi sina. Twende tukatafute."

Basi kila Jumatatu, siku ambayo ua ulifungwa, wakawa wanazunguka mji kutafuta watu wa bondeni wanaochoma. Walianza na mkahawa wa karibu na stendi, ulioandika "Ladha Halisi ya Bondeni" kwa herufi kubwa kuliko mlango. Nyama ilikuja imeogeshwa sosi tamu ya nyanya. "Hawa ni watu wa bondeni waliozaliwa ghorofani," Fundi akasema, akaomba maji. Wakaenda kwenye ukumbi mmoja mkubwa wenye televisheni kila kona, ambako nyama ilichemshwa jikoni kisha ikaonyeshwa moto kidogo ili ipate rangi. Wakapelekwa kwingine kwa maneno ya watu, wakakuta kumbe wenyewe ni wa nyikani, wanaochomeka vijiti ardhini kuuzunguka moto na kuzigeuza nyama kwa zamu. Ile ilikuwa tamu kwelikweli, Fundi akala mpaka akalegeza mkanda, lakini haikuwa ya Bwana Ndimu wala haikufanana nayo.

Kila mara Bi Chumvi hakuitazama nyama. Alimtazama Fundi usoni, kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Na kila mara Fundi alitikisa kichwa, naye akarudi nyumbani akiwa amechoka hata kuvua viatu. Ule upande wa ukuta sasa ulikuwa na benchi moja tu lenye watu, siku nyingine hata hilo likawa tupu. Alianza kufa moyo. Alianza hata kufikiri kwamba wifi hakuwa na makosa.

Mwisho walifika ng'ambo ya pili ya mji, nyuma ya ghala la mkaa, kwenye kibanda cha mabati kisicho na jina. Mchomaji alikuwa mtu mnene mwenye taulo begani. Kabla ya kuiweka nyama motoni aliikung'uta, akaipangusa kwa kitambaa mpaka ikawa kavu. Ilipoiva, aliikamulia ndimu nyingine mbichi, ikapiga kelele, na moshi wake ukawafikia walipokaa.

Fundi alikata kipande, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Macho yakamjaa maji, na hayakuwa ya pilipili.

"Ndiyo hii," alisema. "Shemeji, ndiyo hii."

Bi Chumvi akachukua kipande. Ilikuwa kali, ilikuwa chachu, kisha ikawa tamu nyuma ya ulimi, na aliposhusha tonge alitamani jingine papo hapo. Alijisikia furaha na aibu kwa pamoja. Ni tamu, alisema moyoni, ni tamu sana, mume wangu, na nilikutukania miaka yote hiyo. Kitambaa tu. Kitambaa, na ndimu ya pili. Kesho angeweza kuifanya.

Fundi, kwa furaha yake, alishindwa kunyamaza. Akamwita mchomaji, akamweleza kwamba mama huyu ni mke wa marehemu Bwana Ndimu, mchomaji wa bondeni wa upande ule mwingine wa mji.

"Marehemu?" Mchomaji akashusha taulo. "Yule mzee mrefu wa kofia ya sufu? Anayekuja kuchukua mkaa hapa ghalani?"

"Ndiye," akasema Bi Chumvi.

"Nilidhani amebadilisha ghala. Jamani. Pole sana, mama." Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Alikuwa mtu wangu yule. Haji kuchukua mkaa bila kula hapa."

"Basi ndiyo maana," Fundi alidakia. "Alikuja kujikumbusha ya kwao."

"Hapana. Hii hakuila hata mara moja." Mchomaji alikuna shingo. "Alikuwa anataka nimchomee ya mlimani. Pande zima, chumvi tupu. Nikamwambia, mzee, mimi ni mtu wa bondeni kama wewe, mambo hayo siyajui. Akasema jaribu tu. Ananisimamia hapo, punguza moto, nyunyiza maji, usigeuze bado. Ananielekeza kama mtu aliyeisikia redioni."

Bi Chumvi akasema, "Nichomee hiyo."

"Mama, nakwambia ukweli, siijui vizuri."

"Nichomee kama ulivyomchomea yeye."

Walisubiri. Ilipokuja ilikuwa imeungua nje na ndani bado inavuja damu, chumvi imerundikana upande mmoja, mafuta yote yameishia kwenye majivu. Ilikuwa ngumu kama soli. Bi Chumvi aliitafuna, akaitafuna, akaimeza kwa shida.

"Alikuwa anaimaliza?"

"Anaimaliza, mama. Mpaka mfupa."

"Alisemaje?"

"Alisema haina harufu ya kwao." Mchomaji akafikiri kidogo. "Kwenu, nadhani alimaanisha. Halafu anabeba mkaa wake anakwenda."

Fundi akaisogeza ile sahani. "Acha, shemeji. Hiyo haijaiva."

Bi Chumvi akairudisha mbele yake, akakata kipande kingine.

"Hakuniomba," alisema. "Angeniomba, Fundi. Hata kwa kunong'ona tu. Ningemnyima mume wangu nyama?"

Fundi akatikisa kichwa kumfariji, lakini Bi Chumvi alijua kwamba yeye mwenyewe anajidanganya. Angeombwa, angepiga kigelegele. Angegeuka na sahani juu, akawaita wateja wote waje wamwone Bwana Ndimu aliyesalimu amri, na asingemwachia mpaka mwaka uishe. Mumewe alimjua. Ndiyo maana alikuja huku akala kwa watu.