Ufunguo wa Shady Fork

Verlon Tidmore aliapa mbele ya kanisa zima kwamba hatakanyaga mahali binti yake anapopiga gitaa, na kwa miaka sita alikishikilia kiapo hicho kwa ukaidi wake wote. Alikivunja Jumamosi moja, mchana kweupe, jua la Agosti likiichoma Alabama nzima. Sababu ilikuwa moja tu: aliutaka ufunguo.

Kanisa la Shady Fork lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao yeye. Wa pili ulikuwa wa marehemu mkewe, Nadine, na siku ya mazishi binti yao, Ramona, aliuchukua, akaondoka nao. Sasa waimbaji walikuwa wamebaki kumi na saba, nusu yao wakihitaji kushikwa mkono wakisimama. Nyimbo za huku zinaimbwa kwa sauti nne, mabenchi manne yakitazamana, bila kinanda wala chombo kingine. Benchi la alto, alilokalia Nadine na kando yake Ramona, lilikuwa tupu kabisa. Basi Verlon alishaamua. Jumapili ya wiki ijayo wangeimba kwa mara ya mwisho, kisha afunge mlango na kuwakabidhi wenye kiwanja funguo zote mbili.

"Utamwomba kwa adabu," dada yake Oleta alimwambia garini. "Usianze."

"Nianze nini?"

"Hiyo. Hiyo sauti yako."

"Ameondoka na ufunguo, amechukua jina la kanisa akaliandika kwenye ngoma, halafu mimi ndiye nichunge sauti!"

"Kaka, una miaka sabini na moja na unanuna kama mtoto aliyenyimwa keki. Endesha gari."

Kweli, bendi ya Ramona iliitwa Shady Fork. Walikuwa wanne, na mpiga ngoma wao bado alitengeneza matrekta siku za katikati ya wiki. Walirekodi kwenye banda la kuku la Oleta, wakauza santuri zao nyuma ya gari, wakalala kwenye sakafu za watu kutoka Tupelo hadi Savannah. Kampuni kubwa ya Nashville ilipowafuata na mkataba, ilitoa sharti moja: wabadilishe jina. Ramona aliwamiminia wageni chai baridi, akawaonyesha njia ya kurudia kwao. Verlon aliposikia alisema huo ni ujinga mtupu, lakini Oleta aliona jinsi alivyokula kwa furaha jioni ile, akaongeza maharage mara mbili.

Verlon alitegemea kukuta watu hamsini. Uwanja wa nyuma ya kinu cha zamani cha pamba ulikuwa umefurika, magari yamepangwa hadi kijitoni. Watu elfu nne.

"Funga mdomo, nzi wataingia," Oleta alisema.

Getini msichana mwenye kofia ya majani alimtazama Verlon akauliza, "Sauti gani, mzee?"

"Sauti gani nini?"

"Unaimba sauti gani?"

"Besi," alijibu kwa ukali. "Tangu kabla mama yako hajazaliwa." Msichana akacheka, akampa karatasi na kumwelekeza upande wa kushoto. Oleta akapelekwa upande mwingine.

Kisha bendi ikaanza, na Verlon, aliyekuja na uso wake wa mazishini, hakujua auweke wapi. Magitaa yalinguruma, ngoma ikampiga kifuani. Lakini juu ya makelele yote yale Ramona aliimba koo wazi, bila kupamba, sauti kavu iliyonyooka. Ilikuwa sauti ya benchi la alto. Ilikuwa ya Nadine. Mzee aliutazama mkono wake wa kulia ukipanda na kushuka kufuata mapigo, na hakuweza kuuzuia.

Ikafika katikati ya onyesho. Ramona akaashiria mitambo yote izimwe, akasogea mbele bila gitaa wala kipaza sauti. Uwanja ukanyamaza. Ndipo Verlon alipoelewa kwa nini watu wameketishwa pande nne. Watoto wa mjini wenye michoro mikononi walikuwa wamefungua karatasi zenye noti za nyimbo za kanisa la Shady Fork, wanangoja.

Ramona akatoa sauti ya kuanzia. Akaitoa juu mno, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni kila alipoingiwa na hofu.

"Iko juu!" Verlon alikuwa ameshasimama. "Ishushe, utawanyonga!"

Kanisani kwao hilo si kosa. Mwenye sikio husema, na kiongozi hushusha. Lakini hapo uwanjani waliojua walikuwa watatu tu. Watu walimgeukia kwa hasira, kijana mmoja akamwambia aketi. Ramona alikinga jua kwa kiganja, akatafuta.

"Baba?"

Kisha akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa.

"Basi tupe wewe."

Verlon akatoa. Noti moja ya fa, ya chini, ileile aliyowapa watu kumi na saba mwezi uliopita. Watu elfu nne wakaipokea. Waliimba majina ya noti kwanza, fa, sol, la, kama inavyotakiwa, kisha wakaingia kwenye maneno, na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyake. Verlon aliogopa. Alikuwa ameimba miaka sitini na hakujua kwamba kitu hiki kinaweza kuwa kikubwa hivi. Aligeuka kutazama upande wa alto: wanawake na wasichana, safu kwa safu hadi kwenye miti, na Oleta katikati yao akilia waziwazi. Verlon naye alilia, wala hakujifuta.

Baadaye nyuma ya jukwaa Ramona, shati limemganda kwa jasho, alianza kufungua kitu kwenye mkanda wa gitaa lake. Ulikuwa ufunguo.

"Shangazi alinipigia. Alisema umeufuata." Akauweka kiganjani mwa baba yake. "Chukua. Sitaki tugombane tena."

Verlon aliushika. Ulikuwa wa moto. Kisha akauvuta mkanda wa gitaa na kuanza kuufunga ufunguo palepale ulipokuwa, vidole vikimsumbua.

"Jumapili ya wiki ijayo fungua wewe, na uwaalike hawa waimbaji wako. Saa mbili asubuhi. Mimi nitachelewa."

"Wewe, Baba? Wewe hujawahi kuchelewa."

"Nitakuwa nazunguka," alisema, "natafuta mabenchi."