Kurasa Zilizosimama Kichwa Chini

Mama Wino hakuwa mtu wa kubabaishwa. Miaka ishirini aliendesha matbaa ya marehemu baba yake, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, mdomo mkali kuliko kisu chake cha karatasi. Lakini kazi ya asubuhi ile ilimtia hofu. Alikuwa amepanga kitabu cha hadithi kwa herufi za madini ya risasi, moja moja, kwa lugha asiyoijua hata neno: lugha ya mama wa Mwalimu, mteja wake, ambayo haijawahi kuchapwa popote. Na kaka yake alishaapa kwamba kazi hii ikiharibika, mashine inakwenda kwa mnunua vyuma chakavu.

Kaka mtu ndiye aliyeitungua karatasi ya majaribio kwenye kamba. Akatoa macho.

"Dada, umetuua! Ukurasa wa kwanza umekaa ubavuni mwa wa kumi na sita! Na hizi za juu zimesimama kichwa chini!"

Mwalimu, mstaafu aliyeziandika hadithi zile kutoka kinywani mwa mama yake, alivua miwani, akaivaa tena. "Mama yuko hapo nje," alisema kwa unyonge. "Nimwambie nini?"

"Mwambie aingie," Mama Wino alimjibu.

Bibi akaingia, amekula chumvi nyingi, akapewa kiti. Mama Wino akapiga moyo konde. Akaikunja karatasi mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akaishona mgongoni, kisha akaipitishia kisu pembeni kuzitenganisha kurasa. Kurasa kumi na sita zikakaa wima, kila moja kwa zamu yake.

Lakini namba za kurasa alizipanga yeye mwenyewe. Kama maneno yaliyo chini ya namba hizo yalikuwa ya ukurasa mwingine, angejuaje, na lugha haijui?

"Soma, Mwalimu," alisema, akamsukumia kitabu.

Mwalimu akasoma. Bibi alisikiliza kafumba macho. Chini ya ukurasa wa kwanza sentensi ilikatika katikati, na kabla mwanawe hajafunua, Bibi akaimalizia. Mwalimu akafunua haraka.

"Yaleyale! Neno kwa neno!"

Ukurasa wa pili, vilevile. Kufika wa tano Bibi alishatangulia, anacheka kabla ya kichekesho, mwanawe anamkimbiza kwa kidole hadi wa kumi na sita. Mama Wino hakuelewa kitu, ila kicheko alikielewa. Furaha ilimjaa hata akaegemea mashine.

Nje, mnunua vyuma akagonga kengele ya mkokoteni wake. Kaka mtu akatoa kichwa mlangoni. "Ndugu yangu, pita tu. Hapa hakuna chakavu."

Bibi alikuwa akikipapasa kitabu. "Vitakuwa vingapi?"

"Mia tano, Bibi."

"Mia tano!" Akapiga makofi. "Na mimi miaka yote hii najichosha kumsimulia mmoja mmoja!"

Mama Wino akacheka mpaka machozi, na kaka yake akakunja mikono ya shati, tayari kwa kazi.